Chachu Katika Chungu cha Mlenda

Wiki iliyopita binti yangu alinisimamisha jikoni, hapa kwetu Makole, Dodoma mjini, simu mkono mmoja, mkono mwingine umeshika mfuko wa unga wa kimea alioununua sokoni. Siku hizi vijana wanajifunza kila kitu kwenye simu, hata mambo ambayo bibi zao waliyafanya huku wanasinzia. Anataka kupika pombe ya mtama, ya kwake mwenyewe, aone itakuwaje. Alikuwa ameshapanga vyombo mezani: chupa ya kioo iliyokuwa na asali, bakuli la udongo la mapambo, ndoo ndogo yenye mfuniko.

"Mama, wanasema kwanza nilee chachu kidogo pembeni, ikichangamka ndiyo nimimine kwenye pombe yenyewe. Sasa hapa chombo kipi kinafaa?"

Nikamwambia atumie chochote. Nilisema kwa sauti ambayo hakuizoea, na mimi pia sikuizoea. Kisha nikatoka nje nikaanza kufagia uwanja uliokuwa umeshafagiliwa asubuhi.

Mimi si mtu wa kukaa. Mume wangu husema siku nikifa itabidi wanifunge kamba ndani ya jeneza. Chai nakunywa nimesimama, kanisani nakaa mwisho wa benchi karibu na mlango, na foleni ya benki hunitoa jasho kuliko shamba. Kwamba haraka haraka haina baraka nimeambiwa tangu sijang'oka meno ya utoto, na kila anayeniambia hudhani yeye ndiye wa kwanza. Lakini siku ile, nikiwa na ufagio, harufu ya unga wa kimea uliolowana ilinifuata kupitia dirishani, harufu tamu yenye uchachu kwa mbali, na nikajua kwa nini swali la mtoto limenichoma. Haraka yangu ya kwanza, ile kubwa kuliko zote, ilihusu chombo cha chachu.

Nilikuwa na miaka minane. Tuliishi kwa Bibi mzaa baba, kijijini, ukishaipita Buigiri, kwenye nyumba ya tembe ambayo nusu yake ilikuwa imeshaezekwa bati. Baba alikuwa fundi mwashi mjini Dodoma, anakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni. Mama hakuwepo. Aliondoka asubuhi moja, baada ya palizi, na khanga mbili kwenye mfuko, akaniambia anakwenda kwao kupumzika. Kwao ni mbali, nusu siku kwa miguu kwa mtu anayetembea haraka, yaani kwa mtu kama mimi. Mtama ukachanua, ukaiva, ukavunwa, na Mama akawa bado anapumzika.

Sababu nilizijua ukubwani na sitazimwaga zote hapa. Inatosha kusema kwamba mjini Baba alikuwa na nyumba ya pili, na mwanamke ndani yake, na kwamba mara mbili kaka zake Mama walimrudisha kwa mumewe, na mara ya tatu akagoma. Wakati ule nilichokijua ni kwamba nikiingia mahali watu wazima wanaongea, maongezi yanahamia kwenye mvua. Na Bibi alikuwa ameanza kunipa mimi vipande vya nyama alivyokuwa anampa Baba. Mtoto anayependelewa ghafla hakosi kujiuliza.

Basi Jumamosi moja, baada ya mavuno, Baba akaniita nimshikie baiskeli arudishe mnyororo uliochomoka.

"Mama yako atakuja," aliniambia, macho kwenye mnyororo. "Atakuja na wajomba zako."

"Lini?"

"Bibi akishapika pombe. Pombe ikiiva, watakuja."

Hakunidanganya. Nimeyarudia maneno yale mara nyingi nikitafuta uongo ndani yake, na hakuna. Kila alichosema kilikuwa kweli.

Kwangu hesabu ilikuwa nyepesi. Nilikuwa nimeona ujimbi, hiyo pombe yetu ya mtama, ukipikwa kwa harusi, kwa mavuno, kwa majirani wanaokuja kusaidia shamba, kwa vijana wanaotoka jando. Kila mara watu walikuja, wakakaa, wakacheka, wakacheza ngoma mpaka vumbi likaingia kwenye ugali. Sikuwahi kuona pombe ikipikwa ili watu waachane, wala sikujua kwamba inawezekana. Mama anakuja pombe ikiiva, kwa hiyo kazi yangu ni kuiivisha.

Nilifanya kazi wiki ile kuliko punda. Niliteka maji ya kuloweka mtama, nikatandaza magunia, nikaunyunyizia asubuhi na jioni mpaka ukatoa vimizizi vyeupe. Tukauanika. Nilifukuza kuku mpaka kuku wa jirani wakaacha kupita kwetu. Tukausaga juu ya jiwe, Bibi akisukuma na mimi nikikusanya, na kimea kikawa tayari ndani ya ungo, kahawia, kinanukia. Kilichobaki ni chachu.

Anayepika ujimbi hamwagi kimea kwenye uji mkubwa halafu akakaa kumwomba Mungu. Analea chachu kwanza. Ni unga kidogo wa kimea na maji ya uvuguvugu, katika chombo kidogo, siku mbili pembeni ya mafiga. Ikipanda povu na kuanza kunong'ona, ndipo unapika uji mkubwa na kuimimina humo. Ikilala, pombe yote imelala. Kijiji kizima kilijua kwamba chachu ya Bibi hailali. Alikuwa na kibuyu chake, kifupi, cheusi kwa moshi, kilichoning'inia kwenye mti wa dari. Hakikuwahi kuguswa na sabuni. Ukikiinua tu, kabla hujaweka kitu, kilinukia pombe ya miaka iliyopita, na Bibi alikuwa anasema kwamba kinajua kazi kuliko yeye.

Mwaka ule alikishusha, akakigeuzageuza mwangani, akapitisha kidole shingoni mwa kibuyu, akakirudisha juu.

"Kina ufa," alisema.

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Nilimletea sufuria. Akaigonga kwa ukucha, akasema uchachu unakula bati, pombe itakuwa na ladha ya kijiko. Nikamletea mtungi mdogo wa maji. Akaweka sikio kwenye mdomo wa mtungi, nikasubiri, nikasubiri, akasema mtungi uliozoea maji ni baridi, hauwezi kulea. Siku iliyofuata nilikwenda kwa shangazi kuomba kibuyu, wakanipa kipya, na nilirudi mbio nikakiweka mapajani mwake. Alitia maji, akayatikisa, akayaonja, akayatema. Bado kichungu. Kibuyu kipya kinataka kulowekwa wiki mbili, na mawe madogo ya kukisugulia ndani.

"Wiki mbili, Bibi?"

"Una haraka ya kwenda wapi?"

Sikuwa na haraka ya kwenda popote. Nilikuwa na haraka ya mtu kuja. Lakini nilishindwa kulisema, nikaenda nje kupiga mawe mateke.

Bibi huyu, ambaye alikuwa akilea chachu huku anabishana na mtu dirishani, safari hii alikaa siku nzima mbele ya vyombo kama mtu anayechagua mchumba. Alivipanga kivulini, akavigeuza, akavinusa. Kile mdomo ni mpana sana, nzi wataingia. Kile mdomo ni mwembamba, povu litakosa pa kupandia. Hiki kiliwekwa maziwa. Hiki kilikopeshwa msibani. Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja, halafu mwingine, nikamchukia kwa siku nzima, na nilikuwa sijawahi kumchukia Bibi.

Jumamosi ikafika, Baba akaja. Aliona ungo wa kimea, akaona vyombo vimejipanga, akavua kofia.

"Mama, wazee wanauliza."

"Waambie sina chombo."

"Chombo?" Baba alitazama huku na huku. "Ndoo si hiyo hapo?"

"Ilikuwa ya mafuta ya kupikia. Mafuta yanaua povu."

"Nitaleta nyingine mjini. Mpya."

"Mpya inanuka duka."

Baba alicheka bila furaha. "Mama, wewe umelea chachu tangu mimi sijazaliwa."

"Ndiyo maana najua ninachokisema."

Nilitaka Baba aseme zaidi, nilikuwa upande wake kabisa, ningempigia makofi. Akavaa kofia yake. "Jumamosi ijayo," alisema. "Wameshaambiwa na kule wameshakubali. Chombo kiwepo, kisiwepo."

Kesho yake, Baba alipokuwa ameshapanda baiskeli na kuondoka, Bibi alikaa muda mrefu kwenye kigoda, mikono mapajani. Mimi nikaanza tena. Nikamwonyesha kopo, nikamwonyesha jagi, nikamwonyesha mpaka beseni la kuogea. Hatimaye akainua mkono.

"Basi," alisema. "Chagua wewe. Utakachokileta, hicho hicho."

Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa Mama. Nyuma ya mlango kulikuwa na chungu chake cha mlenda, kidogo, cha duara, cheusi chini na kahawia juu. Ndicho alichokuwa anapikia kila siku, mlenda wa karanga, ule mzito unaovutika kutoka chunguni mpaka mdomoni, na magadi kidogo ili uive haraka. Ukiweka uso ndani bado ulimnusa. Si mlenda tu, yeye mwenyewe, moshi wake na mikono yake. Kwa akili yangu, chachu ikilelewa humo, Mama akija atakiona, atajua kwamba hatukumpangia vitu vyake pembeni na kumsahau.

Nilikiweka mbele ya Bibi. Aliingiza mkono, akapitisha vidole ukutani mwa chungu, akavinusa. Huyu ndiye aliyekataa ndoo kwa sababu ya mafuta. Aliniangalia usoni.

"Una hakika?"

"Ndiyo."

"Haya," alisema. "Hicho hicho."

Aliweka unga wa kimea, akamimina maji ya uvuguvugu, akakoroga kwa mwiko, akafunika kwa kipande cha ungo uliochakaa. Nikakaa pembeni ya mafiga. Nasema nikakaa, lakini sikukaa. Nilifunua, nikafunika, nikatoka mpaka zizini, nikarudi, nikafunua. Nilitega sikio. Chachu nzuri ina sauti ndogo, kama mtoto anayenyonya, na mimi nilikuwa naijua. Kwenye chungu cha Mama kulikuwa kimya. Jumatatu jioni maji yalikuwa ya kijivu, na juu yake macho madogo ya mafuta ya karanga yanazunguka. Usiku sikulala vizuri. Jumanne asubuhi harufu ilikuwa ya kitu kilichooza kidogo, na hakukuwa na hata kipovu kimoja.

"Imelala," nilimwambia Bibi. Nilikuwa nimechagua mimi. Hakukuwa na mtu mwingine wa kulaumu.

Nilitegemea anigombeze. Alikuja, akatazama, akatikisa kichwa taratibu. "Imelala kweli," alisema. "Kimea kilichobaki ni cha uji mkubwa tu, itabidi tuoteshe kingine. Si kosa lako." Kisha akachukua ufagio, na akiwa anafagia akaanza kuimba kwa chini, wimbo wa kanisani. Bibi alikuwa hajaimba tangu palizi.

Ule wimbo ulinichanganya. Nilidhani hajali. Nilidhani yeye amezoea kukaa bila Mama, ana nyama yake na kigoda chake. Kuotesha kimea kingine ni zaidi ya wiki, na wajomba wakija Jumamosi wakakuta hakuna pombe watageuza, watarudi na Mama kwao, na itakuwa ni kwa ajili ya chungu changu. Sikumwaga chachu ile, sikunawa, sikuaga. Nilikimbia.

Mama Nyemo alikuwa anakaa nyuma ya bwawa, na alikuwa anapika pombe karibu kila wiki. Nilipofika nilikuwa siwezi kusema, nikamwamkia "mbukwa" kwa pumzi moja, na yeye akacheka.

"Nani anakufukuza?"

"Naomba chachu. Ya Bibi imekufa."

Akaacha kucheka. "Ya bibi yako? Bibi yako aliyenifundisha mimi?"

"Tulilea kwenye chungu cha Mama."

"Chungu cha nini?"

"Cha mlenda."

Mama Nyemo aliweka chini kilichokuwa mkononi mwake. "Cha mlenda, chenye magadi? Magadi na chachu tangu lini vikakaa nyumba moja? Na bibi yako alikiona?"

"Alikiona. Akakinusa. Akasema hicho hicho."

Alinitazama, kisha akatazama upande wa kwetu, ingawa kutoka pale kwetu hakuonekani. "Mwanangu," alisema, "mwache bibi yako apumzike. Pombe si lazima wiki hii."

Hapo nikaanza kulia, kile kilio cha makamasi ambacho mtu mzima hawezi kukitazama. Nikamwambia Mama haji pombe isipoiva. Baba amesema. Yeye alijua, bila shaka, kijiji kizima kilijua isipokuwa mimi, na sasa nikimfikiria naona alivyokuwa amebanwa pale mlangoni kwake, kati ya mtoto anayelia na neno ambalo si lake kulisema. Aliingia ndani. Alikaa huko muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Alitoka na kopo la maziwa ya unga, limejaa nusu, mfuniko umeegeshwa tu.

"Mfuniko usiukaze," alisema. "Ikikosa pa kupumulia itakurukia. Na utembee."

Sikutembea. Nilikimbia kandokando ya bwawa na kopo kifuani, na chachu kwa kutikiswa ikapanda, ikasukuma mfuniko, povu likanitiririkia mikononi mpaka kwenye viwiko, la uvuguvugu, linanata, linanuka pombe. Nilikuwa nacheka na makamasi yangu. Nilikuwa sijawahi kubeba kitu chenye uhai namna ile.

Bibi alikuwa bado na ufagio. Aliona mikono yangu kwanza, kisha kopo.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimejituma."

Alilichukua kopo, akalitazama povu linavyopasuka na kuzaliwa, akalitazama kwa muda. Sikuelewa kwa nini hafurahi. "Una miguu myepesi wewe," alisema hatimaye. Akatafuta sufuria kubwa, akaanza kuchochea moto.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, Bibi alikishusha kile kibuyu chake cha zamani kutoka kwenye mti wa dari. Alikijaza maji, akakiacha juani asubuhi nzima. Hakikuvuja hata tone. Nikakigeuza mwenyewe, nikapitisha kidole shingoni kama alivyofanya yeye. Nikamwuliza, Bibi, ufa uko wapi? "Ulikuwepo," alisema, na akaendelea kupepeta. Sikuuliza tena. Lakini nilikuwa na miaka tisa tayari, na mtu wa miaka tisa anaweza kujumlisha. Katika nyumba ile watu wazima walitaka yaishe, na mwanamke mmoja mzee, ambaye hakuwa na sauti mbele ya wanaume wa ukoo, aliyazuia kwa kitu pekee alichokuwa na amri nacho. Alikuwa anampenda Mama. Alikataa sufuria, mtungi, kibuyu na ndoo, na walipomkaba alimwachia mtoto achague, akijua mtoto atachagua nini. Nimeshamlilia Bibi mara nyingi, lakini kwa hilo nimemlilia kuliko kwa kifo chake.

Ujimbi uliiva Ijumaa. Jumamosi nilikuwa juu ya kichuguu tangu asubuhi. Kwanza niliona vumbi, kubwa kuliko la watu. Kisha pembe. Wajomba zangu wawili walikuwa wanaswaga ng'ombe, ng'ombe wengi, na nyuma yao, kando kidogo ya vumbi, alikuwa anakuja Mama.

Nisemeje furaha ile? Zizi letu lilikuwa na mbuzi tu. Nilimwona Mama anakuja na ng'ombe, nikajua anarudi, na anarudi kwa heshima. Mtoto yeyote wa kwetu angenicheka. Kwetu ng'ombe huenda kwa wazazi wa mwanamke siku anapoolewa, na wakirudi kwa njia waliyokwenda, ndoa imekwisha. Mimi ni mtoto wa kwetu na hilo nilikuwa nimelisikia, nililisikia hata kwa jirani aliyerudishiwa ng'ombe wake na kulalamika kwamba wamekonda. Lakini kujua na kutaka vikigombana ndani ya mtoto, kutaka ndiko kunakoshinda. Nilishuka kichuguu mbio, nikafika kwenye lango la zizi kabla yao, nikachomoa miti yake mmoja baada ya mwingine, na nikasimama pembeni kama askari kuwapokea.

Mjomba mkubwa alipofika alisimama. "Nani kakuambia ufungue?"

"Nimejua mwenyewe," nilisema. "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba." Akaniwekea mkono kichwani na kutazama pembeni, na ng'ombe wakapita kati yetu.

Wazee walikaa kivulini mwa nyumba. Baba alikaa mwisho, na kofia yake mkononi. Bibi alichota ujimbi kwa kata, akawapita wanaume wote, akampa Mama kwanza. Watu walilitambua hilo, nikasikia mtu anakohoa. Mama alipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda. Akanywa kidogo, akaacha kinywani, akameza.

"Umeiva," alisema. "Umeiva vizuri. Nani kalea chachu?"

"Mwanao," Bibi alisema.

Mama akanigeukia, na mimi nikamwaga yote, chungu chake, magadi, Mama Nyemo, kopo, povu, jinsi nilivyokimbia bila kutumwa. Nilionyesha na mikono mpaka wapi povu lilifika. Nilikuwa nasubiri afurahi. Aliweka kata chini, taratibu, bado imejaa. Akanivuta, akanibana kifuani.

"Umefanya kazi kubwa," alisema juu ya kichwa changu. Hakuigusa tena ile kata.

Sikukaa kusikiliza maneno ya wazee, nani angekaa? Nilikuwa zizini nikiwapa ng'ombe majina. Yaliyosemwa nilisimuliwa baadaye na Mama Nyemo, aliyekuwa anasaidia kugawa pombe. Baba mkubwa, aliyeongoza kikao, alisema ng'ombe wameonekana na hakuna deni la neno kati ya nyumba hizi mbili. Mama aliomba jambo moja tu, kwamba mtoto aende naye mpaka shule zifunguliwe. Baba mkubwa akatikisa kichwa: mtoto ni wa huku. Bibi akasema, "Aende." Akasema tena, "Aende," na Baba akamwambia, "Mama, acha."

Jua lilikuwa limeanza kulala upande wakati wajomba walipoinuka na fimbo zao. Mama alipita zizini. Aliniuliza kama nimekula, akanifunga kifungo cha gauni ambacho hakikuwa kimefunguka. Nikamwuliza kama anakwenda kuchukua nguo zake, na kama atarudi kesho au keshokutwa. Akasema nimsikilize Bibi. Kisha akatoka, akawafuata kaka zake.

Na ng'ombe wakatoka. Mimi nilikuwa nimeacha lango wazi kwa furaha yangu, na wale ng'ombe walikuwa wamelala kwa wajomba miaka mingi, walijua kwao ni wapi. Mweupe mmoja mwenye pembe moja alitangulia, wengine wakaanza kupanga mstari nyuma yake, wanamfuata Mama kwa mwendo wa kawaida kabisa, kama jioni yoyote.

Mama alisikia kwato, akageuka. Aliwarudisha yeye mwenyewe, kwa khanga, kwa kuwaita kwa sauti ambayo walikuwa wanaijua, mpaka wa mwisho akaingia. Mimi nilikuwa ndani pamoja nao. Yeye alibaki nje.

"Funga lango, mwanangu," alisema. "La sivyo watanifuata."

Nilitaka kuwa wa msaada. Niliinua mti wa chini, nikauingiza kwenye matundu yake, nikaweka wa kati, nikajinyoosha kwa vidole vya miguu kuweka wa juu. Nilifanya haraka, kwa sababu nilikuwa najua kufanya haraka, na kwa sababu nilitaka aone jinsi ninavyojua.

"Umekaza?" aliniuliza kutoka upande wa pili.

Nikaushika mti wa juu kwa mikono miwili, nikautikisa kwa nguvu zangu zote. Haukucheza.

"Umekaza, Mama," nikasema.